Moyo Unaochechemea

1

Bupe alikataa kusomewa peke yake. Alisema ameishi peke yake miaka ya kutosha, na siku ya kumjua mama yake atakuwa ameshika mkono wa mume wake. Sheria ya Hifadhi haikuruhusu, lakini Atupele, msomaji wa zamu, hakuwa mtu wa kubishana na wageni. Aliinamisha macho, akaenda kuleta kiti cha pili.

Chumba cha kusomea kilichimbwa ndani ya mlima, na baridi yake iliingia mpaka kwenye meno. Lwitiko, mume wa Bupe, alijikunyata kwenye koti lake na kuanza mzaha, kama wafanyavyo wanaume wenye hofu. Alisema masikio yake makubwa haya lazima yawe na mwenyewe, na leo mwenyewe atajulikana.

"Usimlaumu mama wa watu kabla hujamsalimia," Bupe akamwambia. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya tumbo. Mimba ilikuwa imeshaanza kuonekana chini ya kitenge.

Atupele alitoa chupa ya Bupe kwenye barafu. Ndani yake palikuwa na kipande chembamba cha nyama ya rangi ya ini, kipana kama jani la chai. Hicho ndicho kilichokuwa cheti cha kwanza cha Bupe. Zamani, kila mtoto alipozaliwa, wauguzi walikata kipande cha kondo la nyuma na kukigandisha kwenye Hifadhi hiyo, kwa ajili ya dawa za baadaye. Kisha ukaja Mchujo. Watu walichomwa sindano barabarani, wakapangwa kwa damu zao, wakapakiwa kwenye malori na kutupwa ng'ambo ya mipaka. Ulipokwisha, serikali mpya iliapa kwamba damu ya mtu aliye hai haitapimwa tena kutafuta ukoo wake. Anayepima anafungwa, na anayekubali kupimwa anafungwa pia. Waliokuwa watoto wachanga wakati ule, wakaasiliwa na familia nyingine, walipewa majina mapya na tarehe mpya za kuzaliwa, na chupa zao zikafungwa zisifunguliwe milele.

Sasa milele ilikuwa imekwisha. Sheria ya Asili ilipitishwa mwaka uliotangulia. Kondo si mtu aliye hai, walisema wabunge, kwa hiyo lisomwe. Tangu siku hiyo watu walikuwa wakipanda mlima kutoka kila mkoa na kupiga mahema chini ya lango, wakingoja zamu.

Atupele alichukua punje ndogo kwenye kipande kile na kuiweka kwenye mashine waliyoiita Mnong'onezi. Alimfunga Bupe mkanda kwenye kifundo cha mkono, na mwingine akajifunga mwenyewe, kwa kuwa msomaji hutakiwa kuhakikisha. Mnong'onezi haikuanza na jina. Ilianza na moyo. Damu ya mama ikipita kwenye kondo huacha alama, kama maji yanavyoacha mistari kwenye mchanga wa mto, na mashine ilizifuata alama hizo mpaka ikayajenga mapigo upya na kuyagonga kwenye ngozi ya mtoto.

Mkanda uligonga mara mbili, ukanyamaza, ukagonga mara moja. Mara mbili, kimya, mara moja. Ulikuwa moyo unaochechemea.

Bupe alifumba macho. Machozi yalimtoka bila sauti. Lakini Atupele moyo huo aliujua. Alikuwa ameshausikia kwa watu saba waliopita kwenye kiti kile.

Jina likajitokeza kwenye kioo: Tusekile, wa mji wa chini, kule kwenye mashamba ya chai.

"Nimempata," Bupe alisema. "Lwitiko, nina mama."

Lwitiko alimbusu paji la uso, akanyoosha mkono wake afungwe mkanda. Atupele aliifungua chupa ya pili taratibu kuliko kawaida. Aliomba moyoni uje moyo wowote mwingine, hata wa marehemu.

Mara mbili, kimya, mara moja.

Hakuna aliyehitaji kusoma kioo. Bupe alikuwa amelaza kidole juu ya mkanda wa mumewe, auhisi moyo wa mkwe wake. Alikiacha pale kwa muda. Kisha alikiondoa, halafu akauondoa na mkono wake kwenye mkono wa Lwitiko, polepole, kama mtu anayetoka kitandani bila kutaka kumwamsha mwenzake.

Mashine ilikuwa imeshapeleka taarifa kwa Baraza la Damu, kama sheria ilivyoagiza. Jibu lilikuja wakiwa bado wamekaa. Ndoa ya ndugu imefutwa. Mimba itolewe kabla ya Ijumaa.

2

Mama yake Atupele aliishi nyuma ya Hifadhi, katika nyumba ya wauguzi waliostaafu. Jina lake Tupokigwe. Alikuwa amemwambia Atupele tangu utotoni kwamba hakumzaa, ila alimwokota, na Atupele hakuwahi kuuliza zaidi. Alipopewa kazi ya usomaji, wenzake walimtania kwamba mwenye duka halali njaa, aisome chupa yake. Yeye alicheka tu. Aliogopa kumkosea mama aliyekuwa naye kwa kumtafuta asiyekuwa naye.

Kuizunguka nyumba palikuwa na migomba. Pale juu baridi ni kali, na migomba hiyo haikuwahi kuzaa hata mkungu mmoja. Watu walimcheka mama Tupokigwe kwa kupalilia majani. Hakujali, na hakuruhusu hata mmoja ukatwe.

Jioni hiyo alikuwa anamenya viazi. Atupele alimsimulia juu ya Bupe na Lwitiko, na juu ya yule mwanamke wa mji wa chini ambaye sasa amepata watoto tisa. Mzee aliendelea kumenya. Aliuliza moyo wenyewe ulikuwa unapigaje.

Atupele aligonga mezani kwa kidole. Mara mbili, kimya, mara moja.

Kisu kikawekwa chini.

Mama Tupokigwe alisimulia huku akiyatazama maganda ya viazi. Wakati wa Mchujo umeme ulikatwa mlima mzima. Barafu iliyeyuka na rafu tatu zikaanza kunuka. Ikaja amri kwamba vyote vilivyooza vichomwe kwenye tanuru la hospitali, na yeye ndiye aliyekuwa zamu.

"Kondo halichomwi," alisema. "Ukilichoma umechoma tumbo lililolibeba. Huzai tena wewe, wala hazai mwenye kondo. Mimi ni mtoto wa watu, Atupele. Ningewachomea wanawake matumbo yao, wakati wengine walikuwa bado kwenye malori wanavuja damu?"

Kwa hiyo aliyazika. Alibeba ndoo baada ya ndoo, akafukia kama bibi yake alivyofukia, na juu ya kila shimo akapanda mgomba. Hakuandika lipi limelala wapi. Kisha Mchujo ukaisha, na wakaguzi wakatuma habari kwamba wanakuja kuhesabu chupa. Chupa tupu ilikuwa na maana ya kifungo. Kwenye jengo zima lilikuwepo kondo moja tu bichi, la mwanamke aliyejifungua wiki ya mwisho ya Mchujo na kupakiwa kwenye lori papo hapo, akiwa hajaacha kutetemeka, mtoto akabaki. Mama Tupokigwe alilikata vipande vyembamba, akajaza rafu zote tatu. Hakuona ubaya. Chupa zilikuwa zinafungwa milele. Nani angezifungua?

Atupele aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua. "Lilikuwa kondo la nani?"

"Lako."

Upepo ulikuwa unapiga majani ya migomba ukutani. Atupele alifikiri juu ya utoto wake wote, jinsi alivyojificha na kucheza katikati ya migomba ile.

"Mwanamke mwenyewe alirudi," mama Tupokigwe aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Alirudi kwa miguu kutoka mpakani. Miaka hii yote namwona sokoni. Nikimwona napita upande wa pili."

Atupele alisema lazima aende kwa Mkuu wa Hifadhi kesho. Mama yake alimshika mkono. Hakumkataza. Alisema yeye ni mzee na kifua kinambana, na adhabu ya kuharibu kondo ni kufia kwenye machimbo. "Nisubiri nife kwanza, mwanangu. Sitachelewa."

"Tumbo la Bupe halisubiri, mama."

Viazi vilipoiva, walikula.

3

Lakini kesho yake Atupele hakwenda kwa Mkuu. Ilikuwa Jumapili, na miguu yake ilimpeleka mji wa chini. Alijiambia anakwenda kuhakikisha. Ukweli ni kwamba alitaka kumwona mara moja kabla hajavunja kitu chochote.

Nyumba ya Tusekile ilikuwa pembeni ya shamba, mahali ambapo mashine za kuchumia chai hulazwa. Zamani alichuma kwa mikono. Siku hizi kazi yake ni kuzilinda mashine zisiibiwe vyuma. Kila Jumapili wale saba hukusanyika kwake na kula pamoja, na Atupele alipobisha hodi alikaribishwa kwa kelele. Walimjua. Ndiye aliyewasomea.

Anyosisye, dereva mwenye mwili mkubwa, alimvutia kigoda na kuwatangazia wenzake kwamba mkunga wao amefika, waliozaliwa wote wakae kimya. Walicheka. Walikuwa watu wazima, wengine na mvi, na walitaniana kama watoto: nani amerithi miguu ya mama, nani kabebwa mgongoni na nani kaburutwa. Anyosisye alikuwa na binti mchanga, na alikuwa amempa jina la Tusekile. Alimpitisha mtoto huyo mkono kwa mkono mpaka kila mtu akambeba.

Tusekile mwenyewe alikuwa jikoni. Alikuwa mwembamba, na alichota wali kwa uangalifu wa mtu anayebeba maji yaliyojaa. Atupele alimwamkia, akamsaidia kushika sahani, na hakuthubutu kumtazama usoni. Alitazama mikono. Kidole gumba kilipinda nje, kama chake.

Jirani walimwita Tusekile kuku wa Hifadhi. Wa kwanza alipokuja na jina lake kutoka kwenye mashine, Tusekile alikataa. Alisema yeye alizaa mara moja. Akaja wa pili, akakataa tena. Maofisa wakasema mashine haisemi uongo, basi kinachosema uongo ni kichwa chake, kimeumizwa na Mchujo. Walimpa dawa za kukumbuka. Alipoendelea kukataa, waliongeza dawa.

Haya yote yalijulikana. Yasiyojulikana ni yale aliyoyasema pale jikoni, kwa sauti ya chini, akidhani labda ni jambo ambalo msomaji anapaswa kuandika.

"Nilizaa mara moja, dada. Mtoto wa kike. Sikumwona uso, waliniambia nipande lori. Hilo halitoki kichwani hata wakinipa dawa gunia zima."

Atupele aliuliza, basi kwa nini anawapokea.

Tusekile aliwatazama wale saba kupitia mlangoni. "Mmoja wao anaweza kuwa ndiye. Nikimfukuza asiye wangu, nikamfukuza na aliye wangu? Bora wale wote."

Atupele alikuwa ameshika sahani mbili. Neno lilimjia mpaka kwenye ulimi. Kama angelisema pale, lingekuwa lake na la mama huyu, na wale saba wangebaki sebuleni na vijiko mikononi. Alipeleka sahani. Alikaa, akala, akacheka walipocheka. Siku hiyo ilikuwa Jumapili pekee maishani mwake aliyokaa na ndugu.

Alipoaga, Tusekile alimfungia kiporo cha wali kwenye jani, kama alivyowafungia wengine.

4

Mkuu wa Hifadhi aliitwa Bwana Kalinga. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kabla ya kujibu. Atupele alimwomba awaite Bupe na Lwitiko, na alipowaona wameketi mbali mbali kwenye benchi moja, maneno yote aliyokuwa ameyapanga njiani yakapotea. Alijua hataweza kuyasema. Kwa hiyo alileta sinia la barafu.

Alitoa chupa ya Bupe, akakilaza kipande chake katikati ya sinia. Akatoa cha Lwitiko, akakilaza kando. Kisha cha Anyosisye, na vya wale wengine sita. Alivigeuza geuza kwa koleo ndogo, kama mtu anayeunga chungu kilichovunjika. Mkono wake ulitulia, kwa maana hii ndiyo kazi aliyoizoea.

Kondo lina mishipa inayotawanyika kama mizizi kutoka mahali penye kitovu. Mshipa mnene uliokuwa ukingoni mwa kipande cha Bupe uliendelea kwenye kipande cha Lwitiko, haukukosea hata unene wa uzi. Kwa Lwitiko uligawanyika mara mbili, na tawi moja likaingia kwa Anyosisye. Pembeni palibaki nafasi za vipande ambavyo bado havijasomwa, vya watu waliokuwa wamelala kwenye mahema chini ya lango. Lakini umbo lilionekana. Lilikuwa kondo moja, la mtoto mmoja.

Bwana Kalinga alifuta miwani. Alisema alijua tangu mtu wa tano kwamba kuna kitu, na kwamba muuguzi aliyekuwa zamu ya tanuru ndiye aliyepanda ile migomba isiyozaa. Alikuwa amelificha, kwa sababu watu walikuwa wanashuka mlima wanaimba, na hakuwahi kuona watu wakitoka kwenye ofisi yoyote ya serikali wakiimba.

Alimweleza Atupele mambo yalivyo, bila ukali. Baraza haliwezi kuambiwa mashine imekosea mara moja, kwa maana litauliza imekosea mara ngapi. Kuokoa mimba hii ni kufungua rafu zote tatu. Watu wengi kule chini hawatampata mama yao kamwe, kwa sababu alishaoza chini ya migomba. Na aliyezika atatafutwa.

"Unajua ni nani atakayechukuliwa?" aliuliza.

"Najua."

"Ukivirudisha vipande hivi kwenye chupa, mimi sikuona kitu. Sitakulaumu. Chagua wewe, mimi nimeshashindwa."

Lwitiko alikuwa anatazama sinia. Bupe alikuwa amelishika tumbo kwa mikono miwili.

"Dada," Bupe alisema.

Atupele alifikiri juu ya mikono ya mama yake ikibeba ndoo. Alifikiri juu ya mtoto yule mchanga aliyepitishwa mkono kwa mkono. Barafu ilianza kuyeyuka pembeni ya sinia, na vipande vilianza kusogea.

"Andika," alimwambia Bwana Kalinga.

5

Walimchukua mama Tupokigwe Alhamisi mchana. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Aliomba jambo moja tu, kwamba vile vipande vizikwe, na ofisa akamjibu kwamba hivyo sasa ni ushahidi. Alimkumbatia Atupele kwa mkono mmoja, kwa kuwa mwingine ulifungwa, akamwambia asiache magugu yapande kwenye migomba. Alifia njiani, kabla ya kufika machimbo. Walimzika huko huko.

Bupe na Lwitiko waliondoka siku ile ile amri ya kutoa mimba ilipofutwa, na hawakuja kuaga. Mtu mmoja aliwaona kwenye kituo cha mabasi, wamesimama bado wameachana kidogo, kama watu wanaojifunza upya.

Habari ilipofika kwenye mahema, watu hawakuamini, kisha wakaamini. Walichoma mahema yao wenyewe na lango la Hifadhi. Usomaji ukasimamishwa. Majina ya wale saba yakafutwa kwa mama Tusekile, na kila mmoja akatumiwa barua ya kuombwa radhi, iliyomtaja mtoto wa kweli.

Anyosisye alimngojea Atupele barabarani. Hakumpiga. Mtoto alikuwa mgongoni mwake, amelala.

"Tulikuwa tunakupunguzia nini?" alimuuliza. "Ulipata uchungu gani, sisi kuwa wengi?"

Atupele alimwambia Jumapili bado ipo. Anyosisye alimtazama kana kwamba amemtukana, akaenda zake. Jina la mtoto alikuwa ameshalibadilisha.

Jumapili Atupele aliteremka peke yake. Maofisa walikuwa wameshampelekea Tusekile karatasi iliyosema kwamba mtoto wake ni mmoja, wa kike, na jina lake. Dawa wamesimamisha. Alikuwa amesimama mlangoni, na Atupele alipofika karibu alimshika uso kwa viganja viwili na kuutazama kwa muda mrefu, kila mahali, masikio, paji, kidevu. Atupele naye aliweka kidole kwenye kifundo cha mkono wa mama huyo. Mara mbili, kimya, mara moja. Safari hii haukuwa mkanda, ilikuwa ngozi, nayo ilikuwa na joto.

Waliingia ndani. Mezani palikuwa pameandaliwa sahani za watu wote, na wali umechotwa.

Atupele alikaa. Tusekile hakukaa. Alirudi mlangoni akaangalia barabara ya juu, kisha ya chini, na mvuke ukawa unapungua kwenye sahani, moja baada ya nyingine.

"Wenzako wako wapi?" aliuliza.